Bayodizeli Katika Gari Lako: Faida, Hasara na Maswali Matatu ya Kuuliza Kabla ya Kujaza Tangi

*Haya ni maelezo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wamiliki na madereva wa matatu na malori, mafundi wa magari na wakaangaji wa vyakula, katika kikao cha uhamasisho kuhusu kawi. Tumeyachapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.*

 

Leo sikuja kuzindua mradi, wala sina fomu ya mtu kujaza. Nimekuja kujibu swali ambalo wananchi wamekuwa wakituuliza barazani na kwenye simu: je, ni kweli gari la dizeli linaweza kwenda kwa mafuta yaliyokaangia viazi karai?

Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo lililonileta hapa, kwa sababu mtu akiishika hiyo "ndiyo" peke yake na kukimbia nayo, anaweza kurudi na pampu iliyokufa na nozeli nne za kununua.

Naelewa kwa nini swali hili linaulizwa sana. Kila tarehe 14 ya mwezi sote tunashika simu kusubiri bei mpya za Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA. Mnakumbuka Septemba 2023, baada ya ushuru wa VAT kwa mafuta kupanda kutoka asilimia 8 hadi 16, lita ya dizeli jijini Nairobi ilifika shilingi 200 na senti 99. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na tangu hapo dizeli tunayotumia huja kwa meli ikiwa tayari imesafishwa. Bei ikipanda ng'ambo, inapanda hapa. Mtu akisikia kwamba kuna mafuta yanayotoka jikoni au shambani, lazima atege sikio.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Bayodizeli si mafuta ya kupikia. Ni mafuta ya mimea au ya wanyama yaliyogeuzwa. Mafuta husafishwa na kuondolewa maji, kisha huchanganywa na pombe kali ya viwandani iitwayo methanoli, pamoja na soda kali. Mchanganyiko ukishatulia hujitenga. Chini hukaa gliserini, ile nzito inayoweza kutengenezewa sabuni, na juu hubaki bayodizeli, nyepesi kiasi cha kupita kwenye nozeli bila shida. Kwa hesabu ya jumla, kilo 100 za mafuta na kilo 10 za methanoli hutoa karibu kilo 100 za bayodizeli na kilo 10 za gliserini.

Jambo hili si geni duniani. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1937, Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya Ubelgiji kwa njia ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini. Mwaka uliofuata, basi la abiria kati ya Brussels na Leuven lilitembea kwa mafuta yaliyotokana na mawese ya Kongo. Kwa hiyo Mwafrika amechangia mafuta haya tangu mwanzo, ingawa wakati huo hakuulizwa.

Sasa tuje kwa faida, halafu hasara, kisha niwape maswali matatu ya kwenda nayo nyumbani.

Faida

Faida ya kwanza ni moshi. Dereva na utingo wanashinda ndani ya moshi wa dizeli kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Mama anayeuza matunda kando ya steji anaumeza pia, na mtoto aliye mgongoni kwake vilevile. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kuna takwimu ambazo wataalamu hurejelea hadi leo: shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikusanya matokeo ya majaribio mengi ya injini kubwa na kutoa ripoti mwaka 2002. Mchanganyiko wenye asilimia 20 ya bayodizeli ulipunguza masizi kwa takriban asilimia 10, gesi ya kaboni monoksaidi kwa asilimia 11, na mvuke wa mafuta yasiyoungua kwa asilimia 21. Injini hizo zilikuwa za zamani, na mnajua wenyewe kwamba nyingi za huku kwetu pia ni za zamani.

Faida ya pili ni ulaini. Tangu Januari 2015, Kenya na jirani zake wa Afrika Mashariki wanatumia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hilo ni jema kwa mapafu, lakini kazi ya kuondoa salfa huondoa pia sehemu ya ule ulaini unaolinda pampu isisagike. Bayodizeli ina ulaini mwingi. Hata ikitiwa asilimia mbili tu, pampu hufaidika.

Faida ya tatu ni usalama wa kuhifadhi. Bayodizeli safi haishiki moto kwa urahisi kama dizeli ya kawaida. Mvuke wake hauwaki mpaka mafuta yapate joto la zaidi ya nyuzi 100.

Faida ya nne inawahusu akina mama wanaokaanga. Mafuta yaliyochoka mara nyingi huwa na njia mbili: humwagwa mtaroni, ambako yanaganda na kuziba maji taka, au hurudishwa kwenye karai mara ya saba na ya nane mpaka yanakuwa meusi kama oili ya injini, na hayo ndiyo tunayokula. Mafuta hayo yakipata mnunuzi, mkaangaji ana sababu ya kuyatoa mapema. Huko Kilmarnock, Scotland, mwaka 2007, kampuni ya mabasi ya Stagecoach iliendesha mabasi manane kwa bayodizeli, na wakazi waliopeleka mafuta yao ya kukaangia walipunguziwa nauli. Wenye umri wangu na zaidi wanaikumbuka Stagecoach; ndiyo iliyokuwa ikimiliki mabasi ya KBS hapa Kenya katika miaka ya 1990.

Hasara

Sasa upande wa pili, na hapa naomba makanika wasogee karibu.

Hasara ya kwanza ni nguvu. Lita ya bayodizeli tupu ina kawi pungufu ya dizeli kwa karibu asilimia 8. Tuseme matatu yako hula lita 40 kwa siku. Ukiweka bayodizeli tupu utahitaji karibu lita 43 na nusu kwa safari zilezile. Ikiwa dizeli ni shilingi 200, bayodizeli tupu ikiuzwa zaidi ya shilingi 184 umeshapata hasara. Mchanganyiko wa asilimia 20 hupoteza asilimia moja hadi mbili tu, kwa hiyo lazima uwe nafuu kwa shilingi mbili hadi nne kwa lita ndipo ubaki palepale. Mtu akija kukuuzia kwa bei ileile ya pampu na kukwambia utaokoa pesa, mwombe kalamu mpige hesabu pamoja.

Hasara ya pili ni filta. Bayodizeli ni msafishaji hodari. Tangi lililobeba uchafu wa miaka kumi litasafishwa, na uchafu wote huo utakwenda kwenye filta. Wiki ya kwanza gari linavuta vizuri, wiki ya pili linakohoa mlimani, na mwenye gari anasema mafuta ni mabaya. Mara nyingi ni filta iliyoziba. Badilisha filta mapema baada ya kuanza, na uwe na nyingine ya akiba garini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hasara ya tatu ni mipira. Magari yaliyoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 mara nyingi yana paipu na sili za mpira wa asili, na bayodizeli ikiwa nyingi huzilainisha mpaka zikavuja. Kwa magari mapya yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi, bayodizeli nyingi inaweza kuingia kwenye oili ya injini na kuipunguza uzito. Soma kitabu cha gari lako. Ulaya, kiwango cha dizeli ya kawaida ya pampu kinaruhusu hadi asilimia 7 ya bayodizeli. Indonesia, nchi ya mawese, ilifika asilimia 35 mwaka 2023, lakini huko mafuta, pampu na sheria vimepangwa pamoja. Sisi hatuwezi kuiga asilimia yao peke yake.

Hasara ya nne ni maji. Bayodizeli hunyonya unyevu kuliko dizeli, na sisi wa Pwani tunaishi ndani ya unyevu. Maji huleta kutu na vijidudu vinavyoota kama utando ndani ya tangi. Pia hailimbikizwi kama dhahabu: ikikaa zaidi ya miezi sita huanza kuharibika na kuwa chachu. Mwenye lori linalolala yadi msimu mzima asilijaze bayodizeli.

Hasara ya tano ni baridi. Hili wengi hulisahau kwa sababu hapa kwetu usiku wa baridi kabisa bado mtu analala na feni. Mafuta mengi ya kukaangia tunayonunua madukani ni ya mawese, na bayodizeli ya mawese huanza kuwa na ukungu na kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi. Mombasa haina shida. Lakini lori linaloondoka bandarini kwenda Malaba hupita Limuru na Timboroa. Dereva akizima injini alale huko, asubuhi anaweza kukuta filta imejaa kitu kama samli. Gari la kuzunguka Malindi, Kilifi na Mtwapa si sawa na gari la safari ndefu.

Na ipo gesi moja ambayo bayodizeli huiongeza badala ya kuipunguza: oksaidi za naitrojeni. Katika ripoti ileile ya Marekani ziliongezeka kwa asilimia 2 kwenye mchanganyiko wa asilimia 20. Si nyingi, lakini anayekuuzia bayodizeli akisema haina moshi wowote mbaya, hasemi kweli.

Swali la kwanza: imetoka wapi?

Katika kaunti yetu ya Kilifi hatuwezi kuzungumzia mafuta ya mimea bila kutaja Dakatcha. Zaidi ya miaka kumi iliyopita kulikuwa na mpango wa kulima mbono kaburi kwenye hekta 50,000 za msitu na vichaka vya Dakatcha, kule Magarini, ili mafuta yapelekwe Ulaya. Wenyeji waliona makaburi ya wazee wao, malisho, dawa za miti na mashamba ya mihogo yakiwa ndani ya ramani hiyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 na mashirika ya ActionAid, RSPB na Nature Kenya ulionyesha kuwa mafuta hayo, ukihesabu msitu utakaofyekwa, yangetoa gesi za kuchafua hewa mara 2.5 hadi 6 zaidi ya mafuta ya kawaida ya petroli. Mpango haukuidhinishwa.

Hata mkulima mdogo aliyepanda mbono kaburi kwenye shamba lake mwenyewe hakupata alichoahidiwa. Ripoti ya mwaka 2009 iliyofanywa na wataalamu, wakiwemo wa kituo cha kilimo-misitu cha ICRAF na taasisi ya misitu ya KEFRI, ilikuta mavuno ni kidogo mno kulipa gharama, na ikashauri mmea huo upandwe kama ua tu. Wazee wetu walikuwa wakiupanda kama ua tangu zamani bila ripoti yoyote.

Kwa hiyo si kila mafuta ya mimea ni safi. Yaliyotoka kwenye karai yalishalisha watu kwanza. Mbegu za pamba hubaki baada ya nyuzi kuchambuliwa. Kokwa za mukinduri huanguka chini ya miti iliyopo tayari. Kule Makueni, kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu za aina hii mwaka 2022, na Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta ikapelekwa kwenye kiwanda chake cha Gela, Italia. Hilo linatufundisha mambo mawili. Takataka yetu ina soko. Na tusipojipanga, mafuta yatapanda meli kwenda huko na dizeli itashuka melini kuja kwetu, kama kawaida.

Swali la pili: nani ameitengeneza, na vipi?

Vijana wangu, hapa naomba tusikilizane. Kwenye simu kuna video nyingi za mtu akitengeneza bayodizeli ndani ya ndoo nyuma ya nyumba. Methanoli ndiyo sumu ileile iliyopofusha na kuua watu waliokunywa pombe haramu katika nchi hii. Huingia mwilini hata kwa kuvuta mvuke na kupitia ngozi, na inapowaka, mchana wa jua moto wake hauonekani vizuri. Soda kali huunguza macho. Kazi hii ina mahali pake, nayo ni karakana yenye vifaa, hewa ya kutosha na mtu aliyesomea.

Na yule anayesema haina haja ya kugeuza, chuja tu mafuta ya viazi umwage kwenye tangi? Gari litawaka, hiyo ni kweli, na ndiyo maana watu hudanganyika. Lakini mafuta mabichi ni mazito. Hayanyunyizwi vizuri, hayaungui yote, huacha kaboni kwenye nozeli na ringi, na mwishowe hugandisha oili ya injini. Rahisi ghali.

Tumeshaumizwa na michanganyiko ya kichinichini. Dizeli iliyotiwa mafuta taa ilienea mpaka mwaka 2018 Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kukomesha mchezo huo. Kuuza mafuta ya gari bila leseni ya EPRA ni kosa, hata yakiwa yametoka kwenye nazi ya bibi yako. Mwuzaji wa bayodizeli akuonyeshe leseni, na akuonyeshe cheti cha kupimwa ubora. Akisema cheti kiko njiani, na pesa yako pia ibaki njiani.

Swali la tatu: ni kiasi gani kwenye tangi?

Kwa gari la kawaida la dizeli linalofanya kazi hapa Pwani, njia ya busara ni kuanza na asilimia 5, na kutozidi 20 bila idhini ya mtengenezaji wa gari. Mwenye magari matano aanze na moja. Aandike kwenye daftari lita, kilomita na tarehe ya kila filta, kwa miezi mitatu. Daftari hilo litamwambia ukweli kuliko mimi.

Tuwe wakweli pia kuhusu wingi. Matatu ya lita 40 kwa siku, siku sita, hutumia lita 240 kwa wiki. Asilimia 20 yake ni lita 48. Tuseme kila mkaangaji anabakiwa na lita tano za mafuta yaliyochoka kwa wiki: itabidi upate wakaangaji kumi kwa matatu moja tu. Ukitaka bayodizeli tupu, utahitaji zaidi ya hamsini. Kwa hesabu hiyo, karai zetu haziwezi kuchukua nafasi ya meli za dizeli. Zinaweza kuendesha baadhi ya magari, mashine za kusaga na jenereta, zikapunguza moshi stejini na mafuta mtaroni, na zikampa mama wa viazi karai shilingi ambazo leo anazimwaga. Mimi naona hilo linatosha kufaa kufanywa vizuri.

Mnaokaanga, anzeni leo kwa jambo lisilo na gharama. Mafuta yakichoka, yaacheni yapoe, yachujeni makombo, yawekeni kwenye mtungi mkavu wenye kifuniko, na maji yasiingie hata tone. Mnunuzi mwenye leseni akija, mafuta makavu na masafi ndiyo atakayoyalipia. Na mtu akija kununua mafuta machakavu ili akayauze tena kwa kupikia, msimpe. Piga ripoti kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yako.

Nimemaliza upande wangu. Makanika wa pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja nozeli, kwa hiyo tuanze na yeye.